Sistimu Haikatai

Sentensi ninayoichukia kuliko zote katika Kiswahili cha Kenya ina maneno mawili tu: sistimu imekataa. Umeisikia benki, umeisikia hospitalini, umeisikia kwenye foleni ya kitambulisho. Mtu ameketi mbele yako, ana macho, ana karatasi zako mkononi, na anaona vizuri kabisa kwamba uko sahihi. Halafu anageuza kichwa kidogo kuelekea kwa skrini, kama mtu anayemsikiliza mzee wa ukoo, na anakwambia imekataa.

Mimi niliambiwa hivyo Jumatatu moja asubuhi, dakika kumi na tano kabla ya mtihani. Nilikuwa mwaka wa tatu, uhandisi wa umeme, chuo ambacho sitakitaja. Mama alikuwa ametoa pesa yake ya chama, akaongeza na ya kukopa, na Alhamisi nikaiweka benki mwenyewe. Slipu nilikuwa nayo, imepigwa muhuri.

"Madam, slipu ndiyo hii. Nililipa Alhamisi."

"Naiona, kijana. Lakini sistimu bado inaonyesha una deni."

"Si unaweza kunipa hata barua niingie nayo?"

"Mimi siwezi kufanya kitu. Kadi ya mtihani inatolewa na sistimu yenyewe."

"Basi nani anaweza?"

Akainua mabega. "Ngoja isome."

Ilisoma Jumatano. Mtihani ulikuwa wa Jumatatu. Sitakudanganya kwamba niliacha chuo kwa sababu ya mtihani mmoja. Kulikuwa na ada ya kurudia, kulikuwa na mwaka mzima wa kungoja somo lile litolewe tena, kulikuwa na Mama ambaye hakuwa na chama kingine cha kutolea pesa. Lakini mlango wa kwanza kufungwa ulikuwa ule, na hadi leo sijui ni nani aliyeufunga. Huyo madam alisema si yeye. Benki walisema si wao. Watu wa kompyuta walisema wao wanatunza tu mashine.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba somo nililokosa mtihani wake ndilo lililoniwezesha kujua kwamba nilidanganywa. Lilikuwa somo la udhibiti: jinsi mashine inavyojiendesha. Mashine isiyo na uwezo wa kukataa. Na mfano ambao mwalimu wetu alipenda kuliko yote ulikuwa otopailoti ya ndege.

Hebu tuanze hapo, kwa sababu hata hilo neno tunalitumia vibaya. Nairobi mtu akiamka, apande mat, aende kazi, arudi, alale, anasema "niko otopailoti tu." Tunasema nchi iko otopailoti, tukimaanisha hakuna mtu anayeendesha. Si kweli. Nchi ingekuwa otopailoti tungekuwa mbali. Otopailoti inajua inakoenda.

Mwalimu alichora duara ubaoni na kuandika maswali manne kulizunguka. Unataka kuwa wapi? Uko wapi sasa hivi? Tofauti ni ngapi? Rekebisha kiasi gani? Kisha mshale unarudi mwanzo, na maswali yanaulizwa tena, mara nyingi kila sekunde. Akasema mtu anayebeba ndoo ya maji kichwani anafanya hesabu hiyo hiyo kwa shingo na nyonga bila kujua. Maji yakiinama kidogo kushoto, mwili unajibu kidogo kulia. Ukijibu sana, unalowa. Ukichelewa kujibu, unalowa. Hiyo ndiyo otopailoti. Yaliyobaki ni vyuma na waya.

Wa kwanza kuionyesha hadharani na kuwashangaza watu alikuwa kijana wa rika letu. Tarehe 18 Juni 1914, karibu na Paris, Mmarekani Lawrence Sperry, umri miaka 21, alipita juu ya mto Seine mbele ya majaji akiwa ameinua mikono yote miwili hewani. Fundi wake, Emil Cachin, akatoka akasimama juu ya bawa. Ndege ingepaswa kulala upande ule wenye uzito. Haikulala. Ndani yake kulikuwa na jairoskopu, yaani magurudumu yanayozunguka kwa kasi sana kiasi kwamba hayakubali kubadilisha mwelekeo. Ndege ikiinama, gurudumu linabaki wima, na ile tofauti kati ya viwili hivyo ndiyo inayovuta vibao vya mbawa kuinyoosha ndege. Sperry alishinda faranga 50,000.

Ndege za leo zinafanya vilevile kwa vifaa bora. Jairoskopu za miale ya leza zinaiambia kompyuta kama pua imeinuka, kama bawa limelala, kama ndege imegeuza uso. Mirija midogo iliyotoka nje ya mwili wa ndege inapima shinikizo la hewa ili kujua mwendo. Matundu ya pembeni yanapima kimo. Rubani anaweka anachotaka: futi 35,000, mwelekeo huu, mwendo huu, au njia nzima kutoka kituo hadi kituo. Kompyuta inalinganisha, inatuma amri kwa mota na mitambo ya mafuta inayosukuma vibao vya mbawa na mkia, na inaangalia tena. Haijui kwamba iko angani. Haijui kwamba wewe uko kiti cha 23. Inajua tofauti kati ya namba mbili na inataka ile tofauti iwe sufuri.

Sasa shika hili, kwa sababu hoja yangu yote iko hapa. Kwenye usukani wa rubani, pale kidole gumba kinapofika bila kutafuta, kuna kitufe cha kukata otopailoti. Akikibonyeza, mashine inaachia. Haimwambii imekataa. Haimwambii angoje isome. Na mashine ikiona yenyewe kwamba haiwezi tena, kwa mfano vipimo vinapogongana, haibaki kimya ikijifanya inaendesha. Inaachia, na inapiga kelele chumba kizima ili binadamu ajue kwamba usukani sasa ni wake.

Miaka mia moja ya watu kufa imewafundisha wahandisi wa ndege jambo ambalo ofisi zetu bado hazijajifunza: katika kila sekunde ya safari, lazima kuwe na jibu moja kwa swali moja. Ni nani ameshika?

Swali hilo likikosa jibu, watu wanakufa. Sisi Wakenya tunajua, kwa sababu ndege mbili zilizokuwa zikija Nairobi ziliangushwa na swali hilo.

Ya kwanza ni KQ507. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei 2007, Boeing 737-800 ya Kenya Airways iliondoka Douala, Cameroon, ikija nyumbani na watu 114. Kulikuwa na mvua ya radi na giza totoro. Mimi nilikuwa darasa la pili. Ninachokumbuka ni wazazi kukaa mbele ya redio, na ndege kutoonekana kwa zaidi ya siku moja, ingawa kumbe ilikuwa kwenye kinamasi kilomita chache tu kutoka uwanja ilipoondokea. Hakuna aliyenusurika.

Ripoti ya uchunguzi ilitolewa 2010. Isome siku moja ukiwa na moyo wa kuisoma. Muda mfupi baada ya kupaa, nahodha alitamka kwamba otopailoti ishike. Kwenye 737 kuna kitufe cha hiyo kazi, na otopailoti ikishika taa yake inawaka na maandishi yanatokea kwenye skrini mbele ya marubani. Haikuwaka. Haikushika. Rubani msaidizi hakuthibitisha, nahodha hakuangalia. Ndege hiyo ilikuwa na tabia ya kulalia kulia kidogo, kitu kidogo ambacho mkono wa mtu ungekinyoosha bila kufikiri. Lakini hakukuwa na mkono. Kwa karibu dakika nzima ndege iliendelea kulala ubavu polepole, polepole sana kiasi kwamba mwili wa binadamu gizani hauhisi. Onyo lilipolia, ilikuwa imelala zaidi ya digrii 30, nahodha hakujua tena juu ni wapi, na alichofanya kikaizidisha.

Fikiria dakika ile. Marubani wawili, kompyuta moja, injini mbili zinazofanya kazi sawasawa. Kila mtu alidhani mwingine ameshika. Hakuna aliyekuwa ameshika.

Ya pili ni ET302. Jumapili tarehe 10 Machi 2019, Boeing 737 MAX 8 ya Ethiopian Airlines iliondoka Addis Ababa kuja JKIA na watu 157, Wakenya wakiwa wengi kuliko taifa jingine lolote. Nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni. Ndege ilidumu hewani dakika sita hivi na kuanguka karibu na Bishoftu. Nahodha Yared Getachew alikuwa na umri wa miaka 29, na saa zaidi ya 8,000 za kuruka.

Kesho yake bwenini kila mtu alikuwa mtaalamu. "Otopailoti imeua watu," walisema. Hapana. Ni kinyume chake, na hapa naomba uwe mwangalifu pamoja nami.

Boeing ilikuwa imeweka injini kubwa zaidi kwenye umbo la zamani la 737, na kuzisogeza mbele. Hilo lilibadilisha jinsi pua inavyopanda katika hali fulani. Badala ya kuunda ndege upya, waliongeza programu ndogo, MCAS, ambayo ikiona pua imeinuka mno inaisukuma chini kwa kuzungusha kibao kikubwa cha mkia. Programu hiyo haikuwa sehemu ya otopailoti. Ilifanya kazi pale tu otopailoti ilipokuwa imezimwa, yaani wakati rubani anaamini kwamba ni yeye anayeendesha. Ilisikiliza kihisi kimoja tu, ingawa ndege ilikuwa na viwili. Na haikuandikwa kwenye kitabu cha marubani. Marubani waliotoka kwenye 737 za zamani walipewa somo fupi la kompyuta, basi.

Tarehe 29 Oktoba 2018 programu hiyo iliangusha ndege ya Lion Air, Indonesia, na kuua watu 189. Hapo ndipo marubani wa dunia walipoanza kuambiwa kwamba ipo.

Kwa Yared, kihisi cha kushoto kiliharibika mara tu baada ya kupaa. Alijaribu kuiwasha otopailoti, ikashika kwa nusu dakika hivi kisha ikaachia. MCAS ikaanza kusukuma pua chini. Marubani walifanya kile ambacho taarifa iliyotolewa baada ya ajali ya Lion Air iliagiza: walikata umeme wa kibao cha mkia. Lakini ndege ilikuwa na kasi kubwa, na gurudumu la kukizungusha kwa mkono likakataa kusogea. Wakarudisha umeme, na MCAS ikarudi nao.

KQ507, watu walidhani mashine imeshika, na haikuwa imeshika. ET302, watu walidhani wameshika wao, na kumbe kuna mashine imeshika chini ya meza. Makosa mawili yanayopingana, lakini mzizi ni mmoja. Swali la nani ameshika lilikuwa na majibu mawili tofauti, na jibu la kweli halikufikishwa kwa mtu aliyekaa kwenye kiti.

Na baada ya hapo ikaja sehemu ambayo kila Mkenya maskini anaijua kwa moyo. Lawama ikateremka. Mei 2019, kwenye kikao cha bunge la Marekani, mbunge mmoja alisema marubani waliofunzwa Marekani wangeweza kuokoa ndege hizo. Mitandaoni ilisemwa wazi zaidi, bila adabu. Wacha niseme la haki pia: ndege ya Yared ilibaki na nguvu kubwa ya injini, na wachunguzi wa Marekani walilalamika kwamba ripoti ya Ethiopia haikugusa vya kutosha yale marubani waliyofanya. Sawa. Jadilini. Lakini huwezi kumficha mtu kwamba kuna mkono mwingine kwenye usukani wake, kisha umuulize maiti kwa nini hakuushinda mkono huo kwa dakika sita.

Januari 2021 Boeing ilikubali kulipa zaidi ya dola bilioni 2.5 kumaliza kesi ya jinai, iliyohusu njama ya kuilaghai mamlaka ya anga ya Marekani kuhusu programu hiyo hiyo. Mfanyakazi mmoja tu alishtakiwa binafsi, na 2022 baraza la mahakama likamwona hana hatia. Watu 346 katika ndege mbili, na hakuna mtu hata mmoja aliyekwenda jela. Ukiuliza ni nani aliyefanya, jibu ni lile lile la madam wangu, limevaa tu suti ya bei.

Najua mtu anasema: huyu analinganisha kadi ya mtihani na ndege iliyoanguka? Hapana, silinganishi msiba. Sina haki hiyo. Ninalinganisha uongo. Uongo wa kwamba mashine imeamua, na kwa hivyo hakuna wa kuulizwa.

Na tena, mimi si adui wa mashine. Otopailoti haichoki saa kumi usiku juu ya bahari, haigombani na mkewe kabla ya safari, na kusafiri kwa ndege ni salama kuliko kupanda mat kwa sehemu kubwa kwa sababu ya mashine kama hizo. Kama chuo kinataka kompyuta ihesabu karo, ihesabu. Kama serikali inataka kompyuta ikadirie uwezo wa familia kabla ya kupanga nani alipe nini, haya, tuzungumze. Shida yangu haianzi na kompyuta. Inaanza pale kompyuta inapowekwa mbele ya mtu ili mtu ajifiche.

Kwa sababu mashine haiwezi kukataa. Narudia, na hili nililisoma kabla sijafukuzwa na mlango: kompyuta inalinganisha namba mbili. Mtu fulani aliamua kwamba salio likiwa juu ya sufuri, kadi isichapishwe. Mtu fulani aliamua kwamba pesa ya benki ichukue siku tatu "kusoma", na kwamba katika siku hizo tatu mwanafunzi ndiye ahesabiwe mwongo. Na mtu fulani aliamua kwamba madam aliyeketi dirishani asipewe kitufe. Hao ni watu. Wana majina, wana mishahara, na wengine wana maegesho yaliyoandikwa vyeo vyao.

Angalia walivyoirekebisha MCAS kabla ya 737 MAX kurudi angani. Hawakuitupa. Waliiambia isikilize vihisi vyote viwili, na vikigombana ikae kando. Wakaizuia isisukume tena na tena. Wakahakikisha kwamba nguvu yake haiwezi kuzidi ya rubani. Wakaiandika kwenye kitabu na kuwafundisha marubani. Mambo manne ambayo yangeweza kufanywa kabla ya watu 346 kufa.

Mimi nataka mambo hayo hayo manne dirishani. Sistimu isisikilize chanzo kimoja: kama akaunti inasema nina deni na slipu yenye muhuri inasema sina, mgogoro huo uwe sababu ya kumwita binadamu, si ya kumfunga binadamu nje. Isirudie adhabu ile ile kila siku mpya kwa kosa lile lile moja. Mtu aliyeketi kwenye kiti awe na uwezo kuizidi, na akiizidi aandike jina lake kwamba ni yeye. Na sheria zake ziandikwe mahali ambapo anayeumizwa nazo anaweza kuzisoma.

Huyo madam, kwa kweli, simchukii. Nimemfikiria sana miaka hii. Aliona slipu. Nadhani alinihurumia. Lakini alikuwa amewekwa kwenye kiti cha rubani, amenyimwa usukani, na akapewa sentensi ya maneno mawili ya kumpa kila abiria anayelia. Kesho ukipata kazi nyuma ya dirisha kama hilo, na wengi wetu tukibahatika ndipo tutakapokaa, sentensi hiyo utaikuta mezani inakungoja. Iache hapo. Sema, "Mkubwa wangu ameamuru hivi, anaitwa fulani, ofisi yake ni ile." Utaona jinsi mambo yatakavyoanza kusoma haraka.

Nawe ukiwa upande wa pili, usiondoke na jibu hilo. Wiki iliyopita nilikuwa kwenye kaunta fulani mjini, nimefuata malipo ya makala yaliyokwama mwezi mzima. Kijana wa rika langu akaangalia skrini, akainua mabega yale yale. "Boss, sistimu imekataa."

Nikamuuliza, kwa adabu, "Nani ameshika?"

Hakuelewa. Nikauliza tena: ni nani anaweza kuibadilisha, na anaitwa nani. Foleni nyuma yangu ikaanza kunung'unika, mama mmoja akasema huyu naye anatuchelewesha. Kijana akanitazama kwa muda, kisha akainuka, akafungua mlango wa nyuma na kuita jina la mtu.